Kwa Baba Vaileth, Kuhusu Nyumba ya Kisanga

Baba Vaileth, utauliza nini kwanza, habari zetu au habari za nyumba? Nakujua. Utauliza nyumba.

Mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Agosti uliposema kifua kinabana, ukaomba maji, na maji yalipofika ulikuwa umeshatuacha. Udongo uliouloweka juzi yake ulikuwa bado shimoni, umefunikwa magunia. Tulikuzika, tukarudi, tukaukuta umekauka.

Watoto walitaka tangazo hili la kumbukumbu gazetini liwe fupi, jina na picha. Nimewaambia mimi siwezi kukufupisha.

Hukuwahi kunipandishia sauti. Mtu akipita njia ya kwenda kijiji cha Ulaya baiskeli imempasukia, ulimzibia pancha kwanza ndipo ukamuuliza anatoka wapi na ni mtoto wa nani. Chai ulikunywa umesimama, jicho liko ukutani.

Nyumba ile aliijenga baba yako kwa tofali mbichi juu ya msingi wa mawe, vyumba vitano na baraza, na nyuma yake ghala la mahindi, banda la ng'ombe na jiko. Kila kiangazi, mahindi yakishaingia ghalani, ulichimba udongo wa kichuguu, ukauchanganya na majani yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, ukauacha ulowe siku tatu. Halafu ulianza kuziba nyufa, chumba hadi chumba, na mwisho chokaa. Mimi nikikupitishia udongo kwa karai.

"Mama Vaileth, leo udongo wako mwepesi kama uji wa mgonjwa."

"Basi unywe."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Na zile ndala. Hakuna ndala iliyokatika kijijini ambayo hukuiomba. Ulikata vipande vya duara, ukavivalisha misumari ya bati ili maji yasipite. Siku moja Vaileth alitafuta ndala zake nyumba nzima, kumbe ziko juu ya paa, tena zilikuwa nzima. Oili chafu ya kupaka nguzo za ghala ulikwenda kuiomba gereji za Mikumi, ukarudi na dumu nyuma ya baiskeli, suruali imelowa oili. Mchwa hawakukuweza.

Sasa nikueleze, maana ni haki yako kujua.

Baada ya arobaini, Abeli wetu alizitazama zile kuta, akaona hakuna wa kuzipaka. Yeye yuko hotelini Mikumi, mapumziko yake ni siku moja kwa wiki. Akaleta saruji na fundi wa mjini. Akaniambia, "Mama, baba ameteseka na huu udongo kila mwaka. Mimi naumaliza mara moja." Kwa siku nne nyumba ikawa laini kama ofisi ya kata. Waliopita walisifu. Na mimi nilisifu, nikapitisha kiganja ukutani. Nilijua wewe ulikuwa ukiikataa saruji, lakini ulisema tu "Saruji hapana," ukaendelea na kazi. Sababu hukunipa, nami sikuuliza. Nilidhani ni mazoea ya mzee.

Masika yakaja. Maji yaliingia kwa chini kutoka ardhini na kwa juu kwenye maungio ya bati, yakakosa pa kutokea. Kwa nje kukavu, kunapendeza. Aprili ukuta wa ghala ukamwagika, saruji ikabaki imesimama peke yake kama ganda la yai. Mei kikafuata chumba cha watoto. Namshukuru Mungu hakikuwa na mtu.

Nikamwita Hussein, yule fundi wa Ruaha uliyekuwa ukimwamini. Akanipa shikamoo, akaizunguka nyumba yote akiigonga kwa vidole.

"Mama, hii ni ngozi tu. Ndani tope."

Abeli akamuuliza, "Tukiibandua?"

"Inakuja na ukuta wake. Mzee alikuwa anauacha ukuta upumue. Ninyi mmeuziba mdomo."

Abeli akakaa chini pale pale, na sare yake ya kazi.

Tangu siku hiyo, kila mapumziko yake anakuja na nyundo na patasi kubandua saruji. Kipande kikitoka, udongo nao unashuka, na anaendelea, kana kwamba wewe umesimama nyuma yake. Nikimwambia, "Acha, mwanangu," ananijibu, "Niache kidogo tu, mama." Vyumba vilivyobaki ni viwili. Ng'ombe wako kwa wakwe wa Vaileth. Jiko halina paa, na nguzo za ghala sasa zinaliwa. Hussein amesema bati zitolewe kabla ya mvua za vuli, zisije zikaniangukia.

Usimlaumu Abeli. Alitaka kukupumzisha, na wewe ulikuwa umeshapumzika.

Wiki iliyopita tulikwenda kupalilia kaburi lako. Abeli akaweka jembe chini, akaniuliza, "Mama, kwani wewe ulikuwa unataka nini?" Hakuuliza nyumba, aliniuliza mimi. Miaka arobaini na moja hakuna aliyeniuliza hivyo. Hata wewe, nisamehe kulisema mbele za watu. Nikamwambia, "Toeni hizo bati," nikaendelea na magugu.

Zitatolewa Jumamosi. Mimi nitakwenda kukaa Mikumi kwa Abeli, chumba cha nyuma. Sioni kama nitarudi, wala sioni wa kurudi. Mvua mbili zikipita, mgeni hatajua palikuwa na mlango upande gani.

Unakumbukwa nami mkeo Editha, wanao Vaileth na Abeli, mkwe wako Samwel, wajukuu zako wote watano, ndugu zako wa Ulaya, na majirani wa Kisanga. Kukusahau hatuwezi, hata pakibaki mawe ya msingi peke yake.

Na lile swali la mtoto nakujibu wewe. Nilitaka kiangazi kimoja, Baba Vaileth. Kimoja tu, kuta zipasuke zinavyotaka, tukae wawili barazani mchana kutwa, mikono yako haina udongo, unatazama huku nilikokaa.