Mikeka miwili

Mwenzangu, nimetoka yoga sasa hivi. Mara yangu ya kwanza tangu tumzike dada. Nimejiaibisha.

Nilifika mapema, nikatandika mikeka miwili. Miwili, kama zamani nilivyokuwa namwekea nafasi.

Darasa likajaa. Mama mmoja mgeni akaja kuninong'oneza, maana mle ndani hakuna kupaza sauti: "Samahani, hapa kuna mtu?"

Nikamjibu, "Yupo, anavua viatu mlangoni."

Nilisema hivyo kweli. Anavua viatu.

Mama wa watu akaenda kujibana kwenye kona. Mwalimu alisikia, akainamisha kichwa tu.

Saa nzima mkeka wa dada uko mtupu pembeni yangu.

Kutoka, nikajikuta nimesimama penye viatu, namsubiri. Watu wakavaa vyao, wakaondoka. Vikabaki vyangu.