Nimepona Nyonga, Lakini Wifi Yangu Hajui

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi ihesabu kuwa salamu tu. Leo ni siku ya tatu nimekaa na karatasi hii, kila nikianza naichana, kwa hiyo nitaandika yote kama yanavyokuja na wewe utayapanga, maana nina jambo la aibu na hapa nyumbani hakuna wa kumwambia, kwa sababu anayepaswa kuambiwa ndiye mwenye jambo lenyewe.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na mbili, kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, na kwa miaka ishirini na nane nimesimama kwenye sakafu ya saruji mbele ya meza ileile, mashati ya watu, mashuka ya nyumba za wageni, sare za walinzi, mpaka nyonga yangu ya kulia ikaanza kuniuma, kwanza jioni, halafu mchana, halafu hata kitandani nikijigeuza napiga kelele peke yangu. Daktari aliangalia picha akaniambia gegedu limekwisha, sasa ni mfupa unasaga mfupa, dawa za maumivu ni kujidanganya, inatakiwa nyonga mpya. Nikakubali, ila muuguzi aliyekuwa anajaza fomu akaniuliza, "Mama, nani atakuwa na wewe nyumbani wiki sita za mwanzo?" Nikamwambia sina mtu. Mwanangu ni mmoja tu na kazi yake iko mbali, likizo ni mara moja kwa mwaka. Muuguzi akasema bila mtu wa kukaa na mimi hawanipi tarehe.

Sasa hapa ndipo anapoingia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ana miaka sitini na sita, alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Mimi na yeye tulikuwa hatusemezani mwaka wa saba. Siku ya msiba wa mume wangu, ambaye aliondoka kwa shinikizo la damu, wifi alisimama mbele ya watu akasema, "Chumvi yako ndiyo iliyomzika ndugu yangu," na mimi kwa uchungu nikamshika mkono nikamtoa nje, nikamwambia mlango wangu asiuone tena, na kweli hakuuona. Kumbe mwanangu alipopata habari ya muuguzi akampigia shangazi yake kwa siri. Wiki mbili kabla ya upasuaji nikasikia hodi.

"Nani?"

"Uliyemfukuza."

Nikafungua. Akanipita pale mlangoni, akasema, "Sijaja kukuangalia wewe, nimekuja kuangalia nyumba." Na kweli aliiangalia, alipima kitanda kwa shubiri, akapima kiti, akapima choo, akatoka anatikisa kichwa, "Vyote vifupi. Mtu wa nyonga mpya akikaa chini hivi magoti yanapanda juu ya kiuno, chuma kinachomoka." Kumbe alishakwenda kumuuliza muuguzi kila kitu. Kesho yake akaja na fundi seremala, kitanda na kiti vikawekewa magogo miguuni, kiti cha choo kikainuliwa na kuwekewa mikono ya kushikilia, zulia langu likakunjwa, waya za umeme zikafungwa ukutani, sufuria zikahamishwa kutoka chini kuwekwa rafu ya usawa wa kiuno. Akanipeleka kung'oa jino bovu nililolibembeleza miaka miwili, kwa sababu daktari alisema usaha wa jino unaweza kuhamia kwenye nyonga mpya. Na kila asubuhi akanilaza kitandani, "Kaza paja! Hesabu tano! Legeza!" kwa ile sauti aliyokuwa akipangia foleni watoto mia nne, mpaka jirani akaja kuuliza kama tunagombana.

Upasuaji wenyewe sitausimulia sana, walinichoma sindano ya mgongoni, miguu ikalala, mimi macho, nikawa nasikia nyundo inagonga kama watu wanaweka fremu ya mlango, nikasema Mungu wangu mlango huo ni mimi. Kesho yake wakanisimamisha. Waliponirudisha kitandani wifi alikuwa pembeni, akainama kwenye paja langu lililofungwa bandeji, akasema, "Karibu, mgeni." Tangu siku hiyo nyonga inaitwa Mgeni. "Mgeni ameamkaje?" "Mgeni amekula dawa?" Mimi mwenyewe siulizwi, anaulizwa Mgeni.

Mshauri, yule mwanamke ameniogesha. Siku ya kwanza nililia kwa haya, akaniambia, "Usinilowanishe, maji yaliyomo kwenye ndoo yanatosha." Aliniwekea mto katikati ya mapaja usiku nisije nikapishanisha miguu, alinifundisha ngazi, mguu mzima unatangulia kupanda na mguu wa Mgeni unatangulia kushuka, kila siku kwa fremu ya kutembelea, halafu magongo mawili, halafu moja, halafu fimbo. Wiki ya tatu mguu ulivimba chini ya goti, ukawa moto, nikasema ni uchovu tu, akasema uchovu haukai mguu mmoja, akaita gari palepale nikiwa na gauni la kulalia. Lilikuwa donge la damu. Daktari alisema tungesubiri siku mbili tungekuwa tunazungumza mengine. Na siku moja yuko jikoni ameshika kopo la chumvi, bila kunitazama, akasema, "Yale ya msibani. Ndugu yangu alikuwa akilamba chumvi tangu utoto, mama alikuwa akiificha juu ya kabati. Nilijua. Nilikuwa na uchungu, nikatafuta wa kumtwika." Mimi nikasema, "Mchuzi unaungua." Ndivyo nilivyomjibu.

Sasa aibu yangu. Mwezi mmoja uliopita, Mgeni akiwa na miezi mitatu, nilikwenda kliniki, wifi akabaki dirisha la dawa, mimi nikaingia peke yangu, daktari akanitembeza, akafurahi, akasema weka fimbo kando, soksi vaa mwenyewe, inama, nenda kazini nusu siku. Nikatoka. Wifi akauliza, "Wamesemaje?" Na ulimi wangu ukasema, "Wamesema tuendelee hivihivi." Kwa sababu tangu mwanzo yeye alisema, siku nitakayoacha fimbo ndiyo siku atakayorudi kwake. Basi nachechemea. Akitoka kwenda sokoni natembea nyumba nzima, nafagia, naimba, nikisikia lango naishika fimbo. Juzi alirudi ghafla, alisahau mkoba, fimbo iko jikoni mimi niko chumbani. "Umefikaje huku?" Nikasema nimeshika ukuta. Akanitazama mimi, akautazama ukuta, akachukua mkoba wake akaenda.

Na kila asubuhi anapiga magoti kunivalisha soksi, akiinuka anaguna, na nimemwona akijipaka dawa ya kuchua kiunoni akidhani nimelala. Tena binti yake anajifungua wiki tatu zijazo, mimba ya kwanza, nimemsikia kwenye simu akimwambia, "Nitakuja mwanangu, ila wifi bado hajawa sawa." Nilitaka ardhi inimeze. Nikisema ukweli ataniona mwongo, ataondoka kwa hasira, turudi kulekule kwenye ile miaka saba. Nikinyamaza namvunja mtu mgongo. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mpiga Pasi

JIBU

Mpiga Pasi, marahaba. Nimekuzidi miaka mitatu na goti langu la kushoto ni shahidi, kwa hiyo nitakuita mdogo wangu na utanivumilia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakujua iko siku atatokea mficha uzima. Miaka yote ninayosoma barua zenu, nimesoma za wagonjwa wanaojifanya wazima ili wasionewe huruma. Wewe ni wa kwanza kuniandikia una afya njema na unaomba radhi kwa hiyo.

Nianze na heri, maana barua yako imejaa heri. Umetoka kwenye mfupa unaosaga mfupa mpaka unafagia huku unaimba. Umeponea donge la damu ambalo limewachukua wengi waliosema "ni uchovu tu". Na aliyekufikisha hapo ni mtu uliyemtoa nje kwa mkono. Shukuru, mdogo wangu. Hata mimi nimeshukuru kwa niaba yako kabla sijashika kalamu.

Sasa keti vizuri nikugombeze.

Mwanamke wa miaka sitini na sita anapiga magoti kuvalisha soksi mguu wa mtu anayeweza kuinama. Hilo si upendo wala si upweke, ni kumwonea. Umeona kiuno chake kinauma, umeona dawa ya kuchua, na asubuhi yake ukanyoosha mguu tena. Aliyekunyanyua kitandani usimwinamishe wewe. Na hata huo mguu unauharibu: kuchechemea kwa makusudi kunaufundisha mwili uvivu, paja linalegea, mgongo unapinda upande, na hapo ndipo kilema cha uongo kinapokuwa cha kweli. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyo Mgeni wenu ana miezi minne, na bado unamlisha mkononi!

Unaogopa atakuona mwongo. Nikuambie kitu? Anajua. Mtu aliyepikia watoto mia nne na kila asubuhi ya mtihani akaona ishirini wameshika matumbo, huyo hadanganywi na ukuta. Alikutazama wewe, akautazama ukuta, akaondoka. Kwa nini amenyamaza, mimi sijui na sitakubunia. Huenda anakusubiri useme mwenyewe. Huenda na kwake kumekuwa kimya mno tangu alipostaafu. Muulize yeye, mimi niko mbali.

Lakini kilichonichoma zaidi si fimbo. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwambia wifi yako asante, sikupaona. Nikatafuta mahali ulipomwomba radhi kwa kumtoa msibani kwa ndugu yake wa tumbo moja, sikupaona pia. Yeye, mwenye kosa la chumvi, alivunja ukimya jikoni, na wewe ukamwambia mchuzi unaungua. Ndiyo sababu unaogopa aondoke: kuna deni la maneno mawili, na fimbo unaishika ili asiende kabla hujalilipa, huku hulilipi. Miaka saba mliyonuniana haikuletwa na chumvi, ililetwa na watu wawili waliosubiriana nani aanze. Yeye ameanza mara mbili. Zamu ni yako.

Basi fanya hivi. Usimpitishie ujumbe kwa mwanao. Ameshawapatanisha mara moja, kijana wa watu apumzike. Mwambie mwenyewe, na uanze na lililo zito: "Siku ile nilikutoa mlangoni, nilikosa, nisamehe." Halafu: "Nimepona tangu mwezi uliopita, nilikudanganya kwa sababu sikutaka uondoke." Halafu asante, na asante hiyo uitaje kwa majina yake, kuogeshwa, mazoezi, lile gari ulilopandishwa na gauni la kulalia, usimpe asante ya jumla kama ya mwenye duka. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki, ukae hapohapo mpaka amalize. Hasira ya aliyekuogesha haidumu.

Kisha ongelea yule binti. Mtoto hasubiri watu wazima wapatane. Mwambie wifi yako aende, tena mwombe, bila kumlazimisha, akuruhusu umfuate. Nyumba yenye mzazi haijawahi kukosa kazi ya mpiga pasi: nepi, mashuka, vinguo vya kichanga. Muulize kwanza daktari wako kuhusu safari, na njiani mkiweza simameni unyooshe miguu. Ukifika usibebe ndoo, usikae kwenye kigoda, usisimame kwenye pasi zaidi ya nusu saa bila kutembea kidogo. Mguu ukivimba au kidonda kikitoa maji au mwili ukichemka, hospitali siku hiyohiyo, huna haja ya kusubiri mtu akuburute. Na kule, wifi yako atakapochoka kukesha na mjukuu, wewe ndiye utakayemwambia alale, na wewe ndiye utakayempaka ile dawa ya kiuno. Umepewa mikono ya mtu kwa miezi minne. Sasa toa ya kwako.

Usiniandikie tena kuniuliza kama wakati umefika. Leo wifi yako akirudi kutoka sokoni mwendee langoni, mpokee mzigo wake, mkalishe, umwambie kabla hajauliza chochote.