Nsaka ya Yakobo na Meza Yangu

Ndalambo, Jumapili, Julai 1953

Baridi imekaza tangu alfajiri, na upepo unapekua nyasi za mapaa ya watu. La kwangu ni la bati, halipekuliki. Ningepaswa kufurahi.

Sifurahi. Niandike ukweli: namwonea wivu Yakobo.

Yakobo ni kaka wa marehemu mke wangu, Eleni. Nyumba zetu zimetenganishwa na njia ya ng'ombe tu. Yeye ana nyumba inayovuja, mbuzi watatu, na shamba ambalo mtama wake haujawahi kunipita kiuno. Mimi nina nyumba ya matofali, mabati ishirini na manne, ng'ombe kumi na mmoja, na cherehani. Vyote nimevitafuta kwa mikono hii, miaka tisa chini ya ardhi, migodi ya shaba kule Rodesia. Yeye alikwenda huko akarudi kabla mvua hazijaanza, akasema mgodini kuna giza. Ulitegemea kuna nini? Kwa hesabu yoyote ile nimemshinda.

Lakini jua likianza kushuka, watu wanaelekea kwake.

Nsaka yake ni kibanda cha nguzo sita na nyasi juu, hakina hata ukuta. Wanaume wa upande huu wote wanakula pale, kila mke akileta bakuli kutoka jikoni kwake. Na mimi nilikula pale miaka mingi. Bakuli la Eleni halikuwa dogo, na halikurudi na kitu. Alipofariki mwaka jana, likakoma. Binti yetu ameolewa ng'ambo ya mpaka, hana jinsi ya kuja kunipikia. Yakobo aliniita, siwezi kukataa hilo. "Shemeji, njoo tule." Nikamwuliza, "Bakuli langu liko wapi?" Akacheka, akadhani ni utani wetu wa siku zote.

Haukuwa utani. Mimi sijawahi kula cha watu bila kuleta changu. Nikachongesha meza, nikawa nakula ndani. Wakasema mtu wa migodini sasa anakula kizungu.

Kuna linaloniuma zaidi ya hilo. Matanga tulikaa kwangu, kama ada inavyotaka. Yalipokwisha, watu wanaotaka kumkumbuka Eleni wanakwenda kumkumbukia kwa kaka yake. Nikiwa hapa mezani nasikia jina lake likitajwa kule, halafu kicheko. Mimi ndiye niliyeishi naye! Hadithi zake ninazo mimi.

Siku nyingine naamka mwili mzito kama gunia lililonyeshewa. Hakuna panapouma. Nasikia ng'ombe wanalia zizini wafunguliwe, nami nautazama ukuta. Nilikwenda zahanati, dresa akanipima, akasema homa hakuna, akanipa vidonge vya malaria hata hivyo. Nikavimeza vyote. Ukuta ukabaki palepale.

Na mimi upweke siuogopi. Kule kambi ya mgodini, wenzangu wakienda kunywa, nilibaki peke yangu nikijifunza kusoma. Mkono huu unaoandika niliupata humo. Lakini upweke ule niliuchagua mwenyewe, na nikimaliza kusoma nilitoka. Huu wa sasa sikuuchagua, na mlango wake siuoni.

Leo baada ya ibada kicheko cha nsaka kilizidi. Nilikuwa na kiporo mbele yangu. Nikaanza kuhesabu sauti: kumi, kumi na moja. Nikasikia hasira, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikasimama kwa haraka. Nikawasha moto. Nikakaanga karanga, nikazitwanga, nikaunga majani ya maboga makavu kama Eleni alivyokuwa akiyaunga, na magadi kidogo. Nikasonga ugali wa ulezi. Nikavuka njia na bakuli mikononi, mchana kweupe.

Wanawake walikuwa motoni. Mke wa Yakobo aliniona wa kwanza.

"Jamani, njooni muone! Nyumba ya bati imeoa!"

Nilikaribia kugeuka. Nikaendelea.

"Shemeji," Yakobo akasema, "umeoa lini bila kunialika?"

"Sijaoa. Nimepika mwenyewe."

"Kumbe mke ana masharubu! Msogezeeni Shemeji na mkewe."

Wakacheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Nikaketi. Nikanawa. Hakuna aliyenipa pole, hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi mwaka mzima. Mabakuli yalikuwa saba, langu la nane. Nikaona mikono inapita juu ya langu kwenda kwa mengine, nikahesabu kila mkono uliopita. Yule mzee akamega tonge la ugali wangu, akaligeuza machoni.

"Mwanangu, huu ugali una kokoto?"

"Ni madonge, baba."

"Aa. Nikadhani umeutoa mgodini."

Kisha Yakobo akachovya mboga. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Karanga hizi," akasema, "nani amekufundisha kuzikaanga kwanza?"

"Eleni."

"Mama yetu ndiye aliyemfundisha." Akachovya tena. "Mke wangu nimemwambia mara ngapi, hajaweza."

Akalivuta bakuli langu mpaka magotini pake. Mtu wa kushoto akanyoosha mkono, Yakobo akauzuia kwa kiwiko. Yakobo, mwenye kugawa kila kitu! Akala mpaka akalifuta kwa kidole, macho yamemlowa, na watu wakajifanya wanatazama mbuzi.

Nilimtazama nikaona wivu. Wa kwake, safari hii. Nilikuwa na kitu cha dada yake ambacho yeye hakuwa nacho, na nilikuwa nimekifungia ndani na meza. Nilidhani ningefurahi kumwona hivyo. Nilifurahi kidogo, nisidanganye. Halafu nikatamani ningeleta bakuli kubwa zaidi.

Wakati wa kuondoka alinipigia kelele nikiwa njiani:

"Shemeji! Kesho punguza unga, hayo madonge yatatuvunja meno!"

Nimekasirika njia nzima. Madonge! Yeye amewahi kusonga lini?

Nimefika mlangoni ndipo nilipotambua kwamba hakuniuliza kama nitakuja.

Asubuhi ule uzito unaweza kurudi, sina hakika ya lolote. Lakini unga nimeuchekecha tayari.