Siku Niliyopinga Utafiti Wangu Mwenyewe

Jumanne, Githongo. Baridi ya mwezi wa saba, manyunyu tangu asubuhi. Jua sijaliona wiki hii, na kazi yangu ni kulichunguza jua.

Nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaisha.

Nilikuja nyumbani kumuuguza mama, aliyeteleza shambani akichuma kahawa akavunjika mguu. Kazi nimekuja nayo. Leo mchana kikundi chetu kilikutana kwa mtandao kuamua darubini mpya ya jua ianze na utafiti gani. Mwaka wa kwanza hauwezi kubeba kila kitu, na malengo yaliyobaki yalikuwa mawili. Moja ni dhoruba za jua, zile zinazovuruga setilaiti na umeme: zinaanzaje, na je, zinaweza kutabiriwa? La pili ni langu: kwa nini hewa inayolizunguka jua ina joto kali kuliko uso wake? Ni kama kutoka jikoni ukakuta joto linazidi kadiri unavyoyaacha mafiga. Swali hilo nimelibeba tangu nikiwa mwanafunzi.

Wengi walikuwa upande wangu. Ningenyamaza tu, lingepita.

Lakini jana nilitumiwa matokeo ya majaribio ya kifaa chetu, kile cha kupima nguvu za sumaku katika hewa hiyo, ambacho utafiti wangu unakitegemea. Kinayumba. Kipimo cha asubuhi hakifanani na cha jioni, wala sababu haijulikani. Wenzangu walikuwa bado hawajayaona.

Mwenyekiti akauliza kama kuna neno la mwisho. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Kifaa changu hakijawa tayari. Tuanze na dhoruba."

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilipoingia jikoni mama alinitazama usoni. "Makena, wamekukataa?"

"Hapana, mama. Nimejikataa mwenyewe."

Nikamweleza. Akauliza, mguu wenye plasta ameunyoosha juu ya kigoda: "Kwani hilo jua linahama?"

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Mama akanivutia kiti karibu na moto, akanimiminia uji, wala hakuniambia ninyamaze.

Sijui kama nilisema kweli kwa ujasiri au nilikuwa nimechoka tu kupigana. Labda yote mawili.

Kesho nitaanza kutafuta kwa nini kifaa kinayumba.

Leo siwezi.