Kasi Niliyoitia Kompyuta ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta ya studio imezeeka kama mimi – haiwaki bila kukohoa kwanza. Leo nimebonyeza picha moja ifunguke, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi, bado inajifikiria. Shemeji akachungulia kwenye pazia la chumba cha nyuma. Yeye ni dada wa mke wangu, mwenye studio, mpiga picha mkuu na wa pekee. Mimi ndiye mhariri, kwa fadhila za ndoa. Akauliza tunangoja picha au tunangoja kiyama. Nikamwambia mashine hii inataka kubadilishwa. Akasema hata mhariri anataka kubadilishwa, tatizo mdogo wake hatakubali.

Nyumbani nikaangalia video. Kijana mmoja, ndevu hata hazijakubaliana ziote wapi, anaeleza jinsi ya kuiongezea kasi prosesa na memori bila kununua kitu. Unaingia BIOS, ile menyu ya ndani inayokuja kabla kompyuta haijaamka vizuri, unapandisha namba. Basi. Bure!

Bure imeponza wengi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia! Shemeji alikuwa mbele na mteja wa picha za pasipoti. Unawasha mashine huku unagonga kitufe cha Delete kama mtu anayebisha chooni na ndani kuna mtu. Ikatokea skrini ya bluu, namba tupu. Nikapandisha prosesa kidogo – ikawaka. Nikapandisha tena – ikawaka! Mara ya tatu giza. Feni zinazunguka, skrini imekufa, na mimi namwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Baadaye ikajirudisha yenyewe. Nikaiongezea volti kidogo, ikakubali.

Kisha memori. Hapo nikanogewa. Mpangilio wa kiwandani nikauona wa waoga. Nikaongeza kasi, nikapunguza na ule muda mdogo inaopewa wa kuvuta pumzi kati ya kazi na kazi. Yule kijana alisisitiza: ukiigusa memori, ipime usiku kucha kabla hujaiamini. Mimi nimeipima kwa kikombe kimoja cha chai. Hakuna kosa lililojitokeza. Nikasuuza kikombe.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaniita Injinia. Mbele ya wateja!

Picha zinafunguka kabla hujaondoa kidole. Feni inanguruma kweli – aliuliza kama nimefuga helikopta humo ndani – lakini alikuwa anacheka. Miaka yote hii nimekuwa "shem wa chai". Leo Injinia. Nimerudi nyumbani kifua mbele, ingawa tumbo ndilo lililotangulia.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi kubwa. Shemeji karudi jioni viatu mkononi, kamera shingoni, macho mekundu. Nikamtania kuwa kaonewa wivu na bibi harusi. Akasimulia: bibi harusi na baba yake walikuwa hawasemezani miaka na miaka. Mzee alikaa kiti cha nyuma kabisa kama mgeni wa bahati mbaya. Halafu ghafla kainuka, kapita katikati ya watu, kamshika binti mkono. "Nimepiga ile picha huku nalia, shem. Nikifa leo, mnizike na ile."

Kazi yangu ni kunakili, kukagua, kufuta kadi iwe tayari kwa kesho. Kadi ya kamera ile ni moja tu, na kesho kuna mahafali. Kwa kawaida nafungua picha moja moja, naikuza, naitazama. Leo mashine ilimaliza kunakili kabla sijapata kukaa sawa. Vijipicha vikajipanga kwenye skrini, visafi, vinang'aa. Nikaona ya nini kujichosha.

Nikafuta kadi.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimezifungua picha za harusi. Ya kwanza sawa. Ya pili bibi harusi ana nusu uso. Nusu nyingine ni mistari ya kijani na zambarau. Ya tatu chini yote kijivu. Nikaendelea. Nzima, mbovu, mbovu, mbovu, nzima. Vijipicha vidogo ni safi kabisa – picha yenyewe ikifunguka ndipo uozo unaonekana. Ile ya baba na binti: mkono wa mzee upo. Mkono tu. Anamshika nani haijulikani.

Shemeji alisimama nyuma yangu, akavuta kiti, akakaa. Akasema ni kamera. Iliwahi kumponyoka mwezi uliopita, ikapasuka pembeni kidogo, akajidanganya kuwa ni nzima. "Ni uzembe wangu, shem. Ningeipeleka kwa fundi." Akanitazama kama anayetaka nimpinge.

Nikasema, huenda.

Ndiyo neno nililokuwa nalo! Na niliamini – au niliona ni heri kuamini. Feni inanguruma pembeni yangu, na mimi nasema huenda.

Jumanne, 11 Machi

Picha za mahafali nazo zina mistari. Ila kadi ya hizi bado ninayo, sijaifuta. Nikanakili upya. Zilizokuwa mbovu zikatoka nzima, na zilizokuwa nzima zikatoka mbovu. Kamera haiwezi kubadili mawazo hivyo.

Nikaipima memori. Makosa yakaanza kumwagika kwenye skrini, mekundu, hata maji ya chai hayajapata moto. Yaani kila faili iliyopita humo ilikuwa inang'atwa njiani. Nikarudi BIOS, nikarudisha kila kitu cha kiwandani, volti, kasi, yote. Nikanakili mara ya tatu. Safi. Zote safi! Kompyuta imerudi kuwa konokono, na konokono yule haibi.

Kamera ni nzima. Haikuwahi kuwa na kosa.

Nikajaribu kuzifufua za harusi kutoka kwenye kadi. Lakini wahitimu wamekwisha kukaa juu ya maarusi, na majoho yao. Nimeokota chache: meza, maua, mtoto amelala kitini. Ya mzee haipo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu sina bado. Huyu kaja bila hata kupita kwa mtoto.

Nilikwenda mbele nimwambie. Nikamkuta anaifuta kamera kwa kitambaa laini, taratibu, kama anayemwogesha maiti. Akasema harusi basi, atabaki na pasipoti. Za pasipoti zikiharibika mtu anakaa tena kwenye kiti. Miaka ya watu haikai tena. Halafu akanishukuru kwa kuhangaika na kadi. Akanishukuru! Nikasema usijali.

Usijali. Mdomo huu ungeshonwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja hadi nikamaliza, na shati la mwisho akalikunja mara mbili. Nikasubiri matusi, ningeyapokea kwa mikono miwili. Hakutukana. Akauliza tu, "Dada anajua?" Nikatikisa kichwa. Akasema dada yake ameshinda akimlilia kwenye simu kuwa macho yameisha, mikono imeisha, kazi imemshinda – na mume wake yeye yumo ndani ya studio hiyohiyo anakunywa chai. "Mimi simwambii. Usidhani nitakusaidia kwa hilo."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu wala si wa mwenzangu. Nimemtwika shemeji tu, naye anasema ni wake.

Kesho asubuhi nitamwambia, kabla hajafungua studio.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi haikuwezekana. Wamewahi kuliko mimi.

Naandika nikiwa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa. Bibi harusi yuko mbele. Hakuja na mumewe – kaja na baba yake! Nimewachungulia. Wamekaa kwenye benchi la wateja, katikati yao nafasi ya mtu mmoja. Mzee kavaa shati lililopigwa pasi. Anasema yeye hataki albamu, hajui mambo ya albamu. Anataka ile moja tu, aiweke ukutani.

Shemeji anaongea. Sauti yake imenyooka, anajitahidi. Anawaambia kosa ni lake. Aliiangusha kamera akaficha, hata nafsi yake aliificha. Binti anauliza, hata moja ya mimi na baba? Shemeji anasema, hata moja. Benchi limelia tu, sijui ni nani kasogea na kasogea upande gani.

Sasa ananiita. "Shem! Hebu niletee ile kamera, waione ilivyopasuka."

Iko hapa mezani mbele yangu. Ufa wenyewe mdogo, ukucha hauingii. Nimeishika. Ameita tena – "Injinia, umelala?" – anajaribu hata kuwachekesha. Nasimama. Nikivuta pazia hili, cha kwanza kutoka kinywani kiwe: ni mimi, si kamera.