Picha ya Mzizi wa Maji

Jumatatu, 5 Novemba 1956. Wajir.

Qali amesoma ukurasa mzima leo! Mke wangu aliyeanza a-e-i-o-u mwezi wa Ramadhani ameketi mlangoni, karatasi za kitabu changu magotini, kidole kikitambaa chini ya maneno. Ukurasa wa mchwa. Alipomaliza akauliza kama ni kweli mchwa ana malkia. Nikasema kweli. Akasema basi ndiyo maana nyumba yao haivuji.

Kitabu chenyewe bado ni karatasi tu. Mpiga chapa wa Nairobi alileta seti mbili nizikague. Moja niliitia sahihi nikairudisha kwa lori wiki mbili zilizopita. “Nimekagua mara tatu,” nilimwandikia. Jumatatu ijayo wanaanza kuchapa nakala elfu mbili. Kitabu cha watoto wetu! Mimea na wanyama wa nchi hii, siyo tufaha na theluji. Picha thelathini, zote mkono wangu.

Mawingu mazito upande wa Diff. Inshallah mvua.

Alhamisi, 8 Novemba.

Niandike tu.

Mvua tangu jana. Asubuhi akaja Mama Ebla na maziwa, akakaa ndani kungoja manyunyu yapungue. Huyu ndiye aliyenitembeza porini mwaka mzima, akinionyesha kila mmea kwa fimbo yake. Hajui kusoma. Lakini picha anazijua zote — aliwahi kunifanya nichore upya miguu ya mbuni.

Qali akataka kujionyesha. Akafungua ukurasa wa kumi na tisa, akasoma polepole: “Huu ni mzizi wa maji. Ukiwa na kiu, chimba, menya, tafuna.”

Mama Ebla akainama kutazama. Kisha akaniita.

“Maalim. Kitabu hii nasema watoto nakula hii?”

Nikatazama. Ule mti mfupi wa shina nene kama chungu, wa maua mekundu. Ule ambao maziwa yake hupakwa mishale! Na chini yake maneno yangu mwenyewe: chimba, menya, tafuna. Ukurasa unaofuata, mzizi wa maji, mzizi wa halali kabisa, umeandikwa SUMU, USIGUSE.

Nimezigeuza. Mimi. Siyo mpiga chapa. Mbuzi wa jirani yetu Faduma alipotafuna ile michoro miwili mwezi wa sita niliichora upya kwa haraka, nikaandika namba kinyume nyuma ya karatasi. Kumi na moja ikawa kumi na mbili. Halafu nikakagua mara tatu! Nilikuwa nikikagua nini? Nilikuwa nikijisifu.

Mama Ebla hakunigombeza. Aliuliza tu watoto wangapi watapata kitabu.

Lori haliji. Barabara ya Isiolo ni tope tupu.

Ijumaa, 9 Novemba.

Kabla ya sala ya Ijumaa nilikwenda bomani. Nilikaa bencini saa nzima nikitunga uongo. Kwamba mpiga chapa ndiye amekosea. Ungeaminika — nani angejua? Afisa wa elimu alipofungua mlango nikajikuta nasema: kosa ni langu, bwana, na mtoto anaweza kufa.

Akauliza kama nafahamu kwamba baada ya hili huenda wasinipe kazi nyingine ya kitabu. Nikasema nafahamu. Akaandika kibali cha simu ya upepo.

Nikakimbia kwa Keynan, mpiga simu wa polisi. Alikuwa amekaa, mikono mapajani. Radi imepiga mlingoti wa simu. Hasikii Nairobi, Nairobi haimsikii.

“Kesho, walaal, ndugu yangu,” akasema. “Labda.”

Labda!

Jumamosi, 10 Novemba.

Keynan alipanda mlingoti mwenyewe, kofia ya polisi kichwani, mvua ikimpiga. Saa tisa mchana simu imeondoka. Maneno yangu: SIMAMISHENI KITABU. PICHA 11 NA 12 ZIMEGEUZWA. SUMU.

Hakuna jibu. Ofisi ya Nairobi hufunga Jumamosi mchana.

Jumapili, 11 Novemba.

Hakuna. Sikula. Qali aliweka uji mbele yangu, akauondoa, akaurudisha.

Jumatatu, 12 Novemba.

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!

Nilikuwa darasani nafundisha kugawanya. Keynan akaingia bila kubisha, karatasi mkononi, tope mpaka magotini, akasoma mbele ya watoto kwa sauti ya mwadhini: uchapaji umesimamishwa, mashine haijaanza, leteni namba sahihi. Watoto wakapiga makofi bila kujua kwa nini. Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Nilikuwa naona vizuri, naona kila kitu — kunguru, dumu la maji, nguo za mtu kwenye uzi — kama mtu aliyepona homa.

Halafu Keynan akageuza karatasi. Kumbe kuna mstari wa mwisho. Nakala kumi na tano za mfano zilishatumwa shule ya Griftu tarehe mosi.

Mvua imekata leo. Gari la mifugo linakwenda Griftu kesho kutwa. Nitakuwemo. Mama Ebla amesema naye atakuwemo, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Jumatano, 14 Novemba. Griftu.

Naandika juu ya goti, kivulini mwa gari.

Tulikwama mara mbili. Mama Ebla alishuka mara zote mbili akasukuma pamoja na askari tuliokuwa nao. Tumefika saa tano. Shule ni turubai moja na ubao mmoja. Mwalimu ni kijana Isacko, mtaratibu, kanzu yake safi sijui vipi katika tope hili. Nikamwuliza vitabu viko wapi kabla hata ya salamu. Akaonyesha sanduku. Kamba bado imefungwa! Alikuwa anasubiri afisa aje afungue rasmi. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

Tukakata kamba. Kumi na nne.

Nikahesabu tena. Kumi na nne. Isacko akashika kichwa. Akakumbuka: moja ilikuja peke yake ndani ya bahasha, akamwazima msichana Rahmo, mwanafunzi wake bora, aende nayo kambini kwao. Siku sita zilizopita.

Siku sita! Mama Ebla alikuwa keshaanza kuuliza njia ya kambi ni ipi.

Ndipo tukaona ngamia wawili wanakuja. Mzee mmoja mrefu anaongoza, na juu ya wa pili msichana, mzima, anatafuna kitu, miguu inaning'inia. Rahmo. Mzima! Nikamwuliza umekula nini, umekula nini — akasema tende, akashangaa, akanipa moja.

Mzee ni baba yake, Hared. Kitabu kimo kifuani mwake, kimefungwa kwa kitambaa. Akafungua ukurasa wa kumi na tisa. Picha imefutwa yote kwa mkaa, nyeusi tii. Binti alimsomea, baba akasikia neno “tafuna”, akatazama picha, akachukua mkaa. Ametembea siku mbili kumtafuta mtu aliyeandika.

“Nani ameandika hii?”

Isacko akatazama chini. Dereva akatazama tairi. Nikasimama.

“Mimi, adeer, mzee wangu. Nimekosea. Nimekuja kurekebisha.”

Alinipima kutoka kichwani hadi viatuni. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Akakaa chini mchangani, akakunja miguu, akapiga ardhi kwa kiganja: kaa. Akamwambia Rahmo aanze ukurasa wa kwanza, asiruke neno. Kwa sababu, anasema, mtu aliyekosea mzizi huenda amekosea na vingine.

Nina kalamu. Nina furaha ya ajabu, sijui niseme nini. Tuko ukurasa wa sita. Ngamia niliyemchora, anasema Hared, amelala kama ng'ombe. Mama Ebla anabisha kwamba amelala sawa. Sasa wamemwamuru ngamia halisi alale chini tuone, naye hataki, na darasa zima limetoka turubaini kumzunguka.