Chakula cha Nyumba ya Mkwe

Mama yangu uliyepumzika Bungoma,

Asubuhi hii ukungu umeshuka Kitale hadi mahindi ya jirani hayaonekani, na vidole vyangu vimekataa kukunjika. Nimekaa jikoni nikivitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, vile ulivyokuwa ukifanya, na kwa muda sikujua kama mikono ile ndani ya beseni ni yangu au ni yako. Basi nikaona nikuandikie, polepole, maana hata kalamu inaniuma.

Unakumbuka ulipokuja kwangu kwa ajili ya kliniki? Watu wa nyumbani walisema ni uzee, wengine kijicho. Daktari akasema ni baridi yabisi, ile ya mwili kujishambulia wenyewe. Akakupa vidonge, kisha akaniagiza niandike kila unachokula, kwa sababu kuna wagonjwa ambao chakula fulani huwachokoza viungo. Mimi na madaftari, unanijua. Nikanunua jipya. Kila mlo nilikuletea chumbani, kwa kuwa mila yetu haikukuruhusu kuketi meza moja na mume wangu, mkweo, kisha nikaenda kuandika: dagaa wa omena, maharagwe, sukuma wiki. Kesho yake: vidole vimevimba, vina moto. Nikapiga mstari chini ya omena, nikapiga chini ya maharagwe. Nilijiona daktari mdogo.

Kumbe mbwa wetu alikuwa akinenepa. Alilala chini ya dirisha lako mchana kutwa, nami sikujiuliza kwa nini.

Uliporudi Bungoma nilikufungia orodha ya makatazo: omena, maharagwe, njugu, maziwa, hata mboga yako ya mrere. Nawe uliyezoea kubishana na kila mtu sokoni, hukubisha. Ulitii karibu mwaka mzima. Kila Jumapili nilikupigia simu kuuliza kama unafuata orodha, ukasema unaifuata, na viungo vinauma vilevile.

Aliyenifumbua macho ni mama wa kibanda pale getini kwetu.

"Na yule mama yako wa mandazi na soda atarudi lini?" aliniuliza. "Alikuwa anakuja kila siku, hata mara mbili."

Nilisimama na pakiti ya majani chai mkononi, nikamkumbuka yule mbwa chini ya dirisha lako.

Nilikukuta kwako umekonda, gauni limekuwa kubwa, unakula ugali kwa chumvi. Nikakuuliza kwa nini hukuniambia kwamba hukugusa hata tonge moja kwangu. Ulitazama kuku uani.

"Sasa ningesema nini? Hiyo chakula ni ya mkwe. Na wewe ulikuwa unaandika na furaha mingi, mwanangu, nikaona nisikuharibie."

Nililia, Mama. Mila hiyo niliijua tangu utotoni. Baada ya miaka mingi na watu wa mume wangu, wasioifuata, nilikuwa nikikumbuka nusu yake tu, ile ya meza, nikasahau ile ya sufuria, kwamba mama hali kilichopikwa kwa mkwe.

Nikakaa nawe mwezi mmoja jikoni kwako. Ule mwezi hunijia bado kama kitu nilichokiota: moshi ukipita kwenye mwanga wa mlango, mrere ukichemka, wewe ukinicheka kwa kukukodolea macho hadi tonge lishuke. Safari hii niliandika kile tu nilichokiona kikimezwa. Siku ulizokula samaki na mboga, mara nyingi kesho yake ulijifunga kitambaa cha kichwa bila msaada. Baada ya harusi ya jirani, zile soda tatu na keki, hukuweza kushika kikombe. Maharagwe hayakuwa na hatia yoyote. Daktari akatukumbusha kwamba huo ni mwili wako wewe, wa mwingine una kisirani chake, na vidonge visiachwe hata siku moja.

Uliishi vizuri kidogo baada ya hapo, mpaka homa ya mapafu ilipokuchukua. Lakini ule mwaka wa ugali kwa chumvi haujaniacha. Nilikunyima chakula chako chote kwa kosa la mandazi.

Sasa zamu ni yangu, na anayeshika daftari ni mjukuu wako Nasimiyu, yule tuliyempa jina lako. Jana alipotoka nilivuka geti, nikala mandazi matatu na soda nimesimama, nikapangusa mdomo kwa leso. Jioni akaniuliza nimekula nini mchana. Nikasema samaki na sukuma. Akaandika akitabasamu, nami nikaelewa kwa nini ulinyamaza. Uongo wenyewe ulikuwa mwepesi sana.

Nimefika hapa na yeye ameingia. Ametazama vidole vyangu ndani ya maji, akafungua daftari, akaweka kalamu chini ya neno samaki, tayari kupiga mstari. Nimemshika mkono kwa vidole vyangu vibovu hivi.

"Futa hiyo," nimemwambia. "Nilikula mandazi."

 Nasimiyu wako amefuta, na sasa anapara samaki wa mchana.

Lala, Mama. Leo kilichoandikwa ni kweli.

Mwanao wa Kitale